Mfuaji wa Birika la Tatu

Maji yalikuwa yanatikisika, na Bingwa hakuwa ameyaambia yatikisike.

Aliinama akakisogelea kioo cha kompyuta. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini, na mapazia ya chumba cha kazi yamefungwa ili rangi zionekane sawasawa. Ndani ya kioo kulikuwa na jumba kuukuu la dobi, lenye mabirika matano ya saruji yaliyopangwa mstari mmoja. Manne yametulia tuli. La tatu lilikuwa na viduara vidogo vilivyotoka katikati kwenda kingoni, kama kwamba mtu ametoka tu kuchovya mkono.

"Umegusa maji yangu?" alimwuliza shemeji yake bila kugeuka.

"Mimi na maji yako wapi na wapi," alijibu shemeji kutoka kona yake. "Nina bwana harusi hapa, namfuta jasho usoni."

Bingwa akasonya. Jina hilo la Bingwa alijipa mwenyewe, na kwa kuwa alilitaja kila siku, watu walichoka kubishana naye. Kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu za majaribio kwa programu ile ile ambayo wenzake hutengenezea magemu ya kupigana na ya mbio za magari. Yeye hakuweka gari wala bunduki. Alijenga mahali, akamweka mtu mmoja asiye na uso, akamwacha atembee apendavyo, na kamera ikamfuata robo saa nzima. Aliwadharau wacheza gemu kwa sababu walitaka kushinda, akawadharau wachora katuni kwa sababu walitaka kuchekesha, akawadharau watazamaji kwa sababu waliuliza hadithi iko wapi. Lakini aliyemdharau kuliko wote ni huyu kaka wa mkewe, mtu mzima mwenye upara, msafishaji wa video za harusi, aliyemtilia sauti filamu zake zote bila kunung'unika. Labda ni kwa sababu shemeji ndiye binadamu pekee aliyewahi kuzitazama mpaka mwisho.

Jumba lile halikuwa la kubuni. Wiki mbili nyuma Bingwa alikwenda na kamera, akapiga picha elfu mbili, kila ukuta na kila ufa kwa pande zake zote, kisha programu ikaziunga picha hizo mpaka zikawa mahali unapoweza kuingia na kuzunguka. Mlinzi wa jumba, mama mmoja mwenye shada la funguo kiunoni, alimsimamisha kizingitini.

"Kabla hujaingia piga hodi," alimwambia. "Na birika la tatu usilisogelee. Lina mwenyewe."

"Nimpigie hodi nani, mama? Popo?"

"Mwenye nyumba."

"Wewe fungua mlango. Hizo hadithi kawasimulie wajukuu."

Mama akafungua, akakaa kando. Bingwa akaingia na mdomo wake umefungwa. Birika la tatu ndilo alilolipiga picha kuliko yote, na ili apate pembe ya juu, alilipanda kwa viatu.

Sasa viduara vilikuwa vinatembea. Akapekua mipangilio ya programu, upepo sifuri, mwendo wa maji sifuri. Akasema ni hitilafu ya mashine, akaenda kula.

Kesho yake, saa ile ile, mtu wake asiye na uso alitembea moja kwa moja hadi birika la tatu akasimama, ilhali hakuna aliyempangia pa kwenda. Siku ya tatu, shemeji alivua vidude vya masikioni.

"Shemeji, hii sauti ya kupiga nguo kwenye jiwe umeitoa wapi? Nzuri, lakini si yangu."

"Sauti gani?"

Shemeji akaongeza sauti. Pu. Kimya. Pu. Kimya. Kitu kizito, kilicholowa, kilikuwa kinapigwa taratibu na mtu asiye na haraka. Na chumbani kukaingia harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni siku nne, uvundo wa sabuni iliyooza, ingawa mle ndani hapakuwa na beseni wala nguo.

Siku ya nne akaonekana. Mwanamke, mgongo kwao, nywele zimelowa na kumfunika mpaka kiunoni, ameinama juu ya birika anafua. Bingwa akafungua orodha ya vitu vyote vilivyomo kwenye jumba. Orodha ilisema mtu mmoja. Kioo kilionyesha wawili.

Mwingine angezima mashine. Bingwa alitabasamu. Alimwambia shemeji kwamba hiyo ndiyo sanaa, programu imejizalia yenyewe kitu ambacho vichwa vya kawaida visingeweza kukibuni, na kwamba wapumbavu wataogopa na wenye akili watapiga magoti. Akaitoa filamu ya dakika kumi na nane, akaituma kwenye maonyesho makubwa ya filamu za majaribio. Baada ya siku sita akajibiwa. Filamu imechaguliwa, na mtengenezaji anaalikwa jukwaani.

Barua hiyo alikuwa akiisoma kwa sauti shemeji alipomkatiza, akinong'ona.

"Bwana, njoo utazame. Yule anafua shati langu."

Lilikuwa shati la mirabamiraba ya bluu, na kifungo cha pili kutoka juu hakipo. Shemeji alishika kifua chake mwenyewe, akapapasa pale ambapo kifungo cha pili hakikuwepo. Halafu akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akapiga goti, na kilichomtoka kinywani hakikuwa kohozi bali maji ya kijivu yenye povu, yakamwagika sakafuni yakinuka sabuni.

Mke wa Bingwa alikuwa muuguzi, mtu asiyeshtuka ovyo. Alimpeleka kaka yake hospitali anakofanya kazi, wakampiga picha za mapafu, na mapafu yalikuwa makavu kabisa. Walirudi naye nyumbani anakohoa vikombe viwili vya maji kila saa.

"Umefanya nini na ile nyumba?" mke alimwuliza mumewe.

"Nimefanya kazi. Neno hilo kwenu mnalijua?"

Mke alitoka, akaenda kwa mama mlinzi, na alasiri ile ile akarudi na mganga, bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa sayansi kabla hajastaafu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Bingwa aliegemea mlango akamtazama kama mtu anayetazama nzi aliyeangukia kwenye chai. Yule bibi hakuhangaika naye. Aliomba aonyeshwe filamu, akavaa miwani, akaitazama dakika zote kumi na nane bila kupepesa.

"Umejenga vizuri," alisema mwishoni. "Hata unyevu wa ukuta umeuweka, na macho yangu yamepumzika pale ambapo filamu nyingine zingenikimbiza. Una mkono, mwanangu. Ulichokosa ni adabu."

Kisha akamgeukia shemeji aliyelala kochini, akasema kwa upole, "Hodi, mwenyewe."

Kinywa cha shemeji kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke aliyechoka na watu.

"Leo ndiyo mnajua hodi."

Mke wa Bingwa akaushika mkono wa kaka yake, akakuta vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa majini siku nzima.

"Tunaomba radhi," alisema bibi. "Unataka nini?"

"Nyumba yangu itoke humo alimoitia. Kila akiifungua, mlango wangu unafunguka. Kila anayetazama ananiingilia na viatu."

"Na huyu umemshikia nini? Yeye hakukukosea."

"Nilianza kwa huyo mlangoni. Amejijaa mwenyewe hadi kooni, hakuna pa kukaa. Huyu alikuwa na nafasi."

Bingwa akacheka, ila kicheko kilitoka kifupi. Bibi akamwambia afute kila kitu, picha, jumba na filamu, na awaandikie wenye maonyesho waifute nakala yao. Mkewe alisimama nyuma yake akimwangalia. Bingwa alifuta. Walimwona akifuta, na dakika ile ile shemeji akavuta pumzi ndefu na kifua hakikukoroma.

Usiku huo shemeji akalala vizuri. Lakini wenye maonyesho Bingwa hakuwaandikia, na ndani ya soksi yake kulikuwa na flashi yenye jumba zima.

Siku ya maonyesho aliaga kwamba anakwenda kununua waya. Alivaa koti lake la kijivu la shughuli maalumu, akaketi safu ya mbele ya ukumbi, katikati ya watu waliovaa miwani mikubwa na kushika videvu. Aliwadharau hata hao. Saa tisa alasiri taa zikafifia, maji yakajaa kioo kikubwa, na simu ikatetemeka mfukoni.

"Uko wapi?" Mkewe alikuwa akinong'ona, na nyuma yake kulisikika kikohozi.

"Dukani."

"Ameanza tena. Dakika hii hii. Umeifungua wapi?"

Bingwa akaifunika simu kwa kiganja ili mwanga usionekane.

"Nimekuta barua yao ya mwaliko mezani," alisema mkewe. "Bibi yupo hapa, anazungumza naye. Ameuliza nyumba yake iko wapi, na mimi nimemwambia. Nimempa jina la ukumbi na safu."

"Umemwambia nani?"

"Kaka yangu ameacha kukohoa," alisema mkewe, akakata simu.

Bingwa akarudisha simu mfukoni na mfuko ulikuwa umelowa. Alitazama kioo, akamwona mwanamke ameinama juu ya birika, na mikononi mwake mna kitu cha kijivu anachokizamisha, anakiinua, anakikung'uta, anakizamisha tena, na kila alipokizamisha Bingwa alisikia baridi ikimpanda kutoka mikononi mwa koti kwenda mabegani na shingoni, mpaka akataka kulivua lakini vifungo vilikuwa vimevimba kwa maji na vidole vyake vimekunjamana havishiki, na wale waliokaa jirani yake walivuta hewa puani wakatazamana kwa furaha, mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba wametia hata harufu, huyu mtu hana mfano. Akainuka aende mlangoni. Taa zikawaka juu yake kwa sababu filamu ilikuwa imekwisha, mwenye maonyesho akamshika kiwiko akidhani anakuja jukwaani, akampandisha ngazi tatu, akamtia kipaza sauti mkononi. Nyuma yake kioo hakikuzimika. Mwanamke wa birikani alikuwa amegeuka, na uso wake, aliouona yeye peke yake kwa kuwa wengine wote walikuwa wanamtazama yeye, haukuwa na hasira wala kisasi, ulikuwa na ule uchovu wa mtu anayeshika kitu kichafu kwa ncha za vidole.

"Tuambie," alisema jaji mmoja wa maonyesho kwa heshima, "ulitaka tuhisi nini?"

Bingwa akafungua kinywa, na maji ya kijivu yakatoka. Yalitoka kwa utulivu, yakamwagikia kipaza sauti, koti, mbao za jukwaa, na povu likamzunguka miguuni. Akapiga magoti. Alinyoosha mkono kwa watu wa safu ya mbele, na watu wa safu ya mbele wakainama ili waone vizuri zaidi. Jaji alikuwa anaandika. Mtu mmoja katikati ya ukumbi alisimama, wa pili akasimama, kisha ukumbi mzima ukasimama, na makofi yakadumu dakika nzima na ushei kabla mwanamke mfagizi, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri watoke apige deki, hajauliza kwa sauti ya chini mbona yule bwana hapumui.