Siku Mapendo Aliposema "Simjui"

Keti vizuri, unisikilize. Hii ni habari ya Mapendo.

Mapendo ana miaka saba. Anaishi na bibi yake, katika chumba kimoja nyuma ya kinu cha unga.

Bibi yake anaitwa Koko. Huko Kongo walikotoka, bibi huitwa Koko.

Shule ya Mapendo iko katikati ya jiji. Upande huu kuna gereji. Upande ule kuna soko.

Ndani ya shule utasikia Kikamba, Kisomali, Kijaluo na Kigujarati. Kengele ikilia, ngo! ngo! ngo!, wote huongea Kiswahili.

Siku moja Mwalimu Kerubo aliwaita wazazi. "Madawati yamevunjika," akasema. "Kuta zimechafuka. Njooni Jumamosi tusaidiane."

Wakaja. Babake Hodan, msichana wa darasa la Mapendo, alikuja na nyundo. Ko, ko, ko! Mamake Wanza, wa darasa hilo pia, alikuja na ndoo ya rangi ya kijani. Wengine walikuja na fagio. Fyu, fyu, fyu!

Wakafanya kazi wakiimba:

*Ko, ko, ko! Fyu, fyu, fyu!*
*Shule hii ni yetu sote!*

Koko naye akaja. Alivaa kitenge chake kizuri cha manjano. Kichwani alibeba sufuria kubwa ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alikuwa ameitwanga tangu alfajiri.

Akaitua sufuria. Akashika ufagio. Fyu, fyu, fyu! Alifagia uwanja wote, hadi kona ya choo, ambayo hakuna mtu aliyetaka kuifagia.

Saa sita, Koko akafunua sufuria. Akaita kwa sauti kubwa, "Batoto! Batoto bangu, mukuye mukule!" Ndivyo wasemavyo huko Kongo: watoto wangu, njooni mle.

Watoto wakatazamana.

"Batoto?" akasema Wanza. "Eti batoto!"

Wakacheka. Kwa-kwa-kwa!

Wanza akamgeukia Mapendo. "Huyu ni bibi wa nani?"

Mapendo akatazama chini. Masikio yake yakawaka moto.

"Simjui," akasema.

Koko alikuwa karibu. Koko alisikia.

Akafunika sufuria. Akaegemeza ufagio ukutani, polepole. Akatoka langoni peke yake, na sombe yake kichwani. Hakuna aliyeionja.

Nyuma yake, watu waliendelea kuimba:

*Ko, ko, ko! Fyu, fyu, fyu!*
*Shule hii ni yetu sote!*

Mapendo alipewa githeri, mahindi na maharagwe. Wenzake walisema ni tamu. Yeye hakuila.

Alipofika nyumbani, Koko alikuwa anakunja nguo. Hakumgombeza. Hakumuuliza kitu. Mapendo alitamani agombezwe.

"Koko."

"Eee."

"Nisamehe."

Koko akaendelea kukunja. "Nimekusikia," akasema. "Lakini roho inaniuma."

"Itaacha kuuma lini?"

"Sijue, Mapendo. Sijue."

Walikula ile sombe Jumamosi. Wakaila Jumapili. Wakaila tena Jumatatu asubuhi. Ilikuwa imepikwa kwa watoto wengi, na walaji walikuwa wawili tu.

Jumatatu hiyo, Mapendo aliwafuata Hodan na Wanza uwanjani.

"Nilidanganya," akasema. "Yule mama wa sombe ni koko wangu."

Wanza akaanza kucheka, kisha akanyamaza. "Ulimkana bibi yako?"

"Ndiyo. Mlikuwa mnacheka. Niliona haya."

Hodan akasema, "Babangu akiongea, watu humcheka pia. Mimi hujifanya ninafunga kamba za viatu."

Wanza hakucheka tena.

Jumamosi ikafika. Kazi shuleni ilikuwa bado.

"Twende, Koko," akasema Mapendo.

Koko akatikisa kichwa. "Nifanye nini kule? Hakuna mutu ananijua."

Mapendo akaenda peke yake. Alichukua ufagio mrefu kuliko yeye. Fyu... fyu... fyu... Akafika kona ya choo. Hapo akasimama, na machozi yakamtoka.

"Unalia?" akauliza Wanza.

"Ni vumbi."

"Si vumbi," akasema Hodan.

Wanza akamnyang'anya ufagio, akautupa chini. "Twende tukamwite."

Wasichana watatu wakaenda hadi nyuma ya kinu cha unga.

"Hodi! Hodi!"

Koko akafungua mlango.

"Shikamoo, Koko," akasema Wanza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ni mimi niliyekucheka. Nisamehe."

Koko akawatazama. Akawatazama kwa muda mrefu. Hakutabasamu.

"Marahaba," akasema. "Mungoje nivae viatu."

Mwalimu Kerubo alikuwa amesimama langoni. "Karibu, mama," akasema. "Wewe ni mzazi wa nani?"

Mapendo hakungoja. "Wangu!" akapaza sauti. "Ni koko wangu! Koko wangu mimi!"

Hata fundi wa gereji, ng'ambo ya barabara, aligeuka kutazama.

Koko alichukua brashi, akaanza kupaka ukuta rangi. Mapendo akasimama kando yake, akamshikia ndoo.

"Batoto!" mtoto mmoja akanong'ona, kisha akacheka.

Koko alisikia. Mapendo pia alisikia. Safari hii hakusogea hata hatua moja. Alishika ndoo kwa mikono miwili, mpaka vidole vikawa vya kijani.

Jioni wakarudi nyumbani. Wakaoga. Wakala. Wakapanda kitandani, kitanda chao kimoja.

Wiki nzima Koko hakuwa amemgombeza Mapendo. Alikuwa kimya tu, na kimya kile kilikuwa kizito.

Taa ikazimwa.

"We Mapendo!" akasema Koko gizani. "Unavuta blanketi yote! Miguu yangu inapata baridi!"

Mapendo akatabasamu. Akarudisha blanketi haraka. Kisha akasogea, karibu, karibu zaidi.

Koko hakumsukuma.

Mapendo akalala.