Anayemtafuta Goreti

Haya yalimpata rafiki yangu Luqman wa Ujiji, mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipofurika kijijini Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa akitunza tovuti ya kuwatafutia watu jamaa waliopotezana nao njiani.

Siku moja tovuti iligoma kufunguka, ikidai mashine inayoiendesha imeelemewa. Akina mama wakashinda mlangoni mwa ofisi yake wakingoja. Luqman alipochunguza, akakuta ombi moja linarudiwa bila kukoma, limekula nafasi yote: "Namtafuta Goreti, mama yangu."

"Nani hapa hajapoteza mama?" mkubwa wake wa kazi akamjibu alipomweleza. "Lizuie, wengine wapite."

Akalizuia. Tovuti ikafunguka papo hapo. Mama wa kwanza kuingia akasema, "Mwanangu, niangalizie. Naitwa Goreti. Binti yangu aliniponyoka mkononi tukigombania kupanda meli."

Luqman akaondoa kizuizi upesi, akafuatilia ombi lilikotoka. Halikutoka Kagunga, wala kambi yoyote ya wakimbizi. Lilikuwa linaandikwa kwenye mashine ileile, katika chumba cha nyuma alichokifunga mwenyewe kwa ufunguo.

"Umemwona?" Goreti akauliza.

Kabla hajajibu, mvua ilishuka kwa kishindo, umeme ukakatika, giza likatanda ofisini. Feni za mashine zikapunguza mvumo, zikanyamaza. Ndipo wote wawili wakasikia, nyuma ya ule mlango, vitufe vikibonyezwa kimoja kimoja, taratibu, kama mtoto anayejifunza herufi.