Neno Baada ya Sijambo

Kila baada ya sekunde tano, mnara wa Tabora ulizijulia hali kompyuta elfu arobaini. "Hujambo?" uliuliza. Kompyuta hizo hazikurundikwa kwenye jengo moja. Kila nyumba ilikaa na yake, zikagawana kazi za mji mzima. Nazo zilijibu: "Sijambo." Iliyokaa kimya mara tatu ilihesabiwa mfu, na kompyuta jirani zikaipokea kazi yake. Mtambo huo wa mnarani uliitwa Mjuliahali, na ukutani mwake kila kompyuta ilikuwa na taa yake, kijani kwa nzima, njano kwa inayolalamika, nyekundu kwa mfu.

Waliozifundisha kusema walikuwa watu wa hapahapa, ndiyo maana zilijibu kama sisi. Nani kwetu huulizwa hali akaanza na ugonjwa? Hata aliyelazwa na dripu mkononi husema sijambo kwanza, kisha ndipo ashushe pumzi na kusema "ila". Kompyuta nazo vivyo hivyo: "Sijambo, ila feni yangu inakwama." "Sijambo, ila vumbi limenizidi."

Nyamizi, mhandisi wa zamu, alichoshwa na ila hizo. Zilikuwa maelfu kwa siku, nyingi za kipuuzi. Wakaguzi walipokaribia kuja, aliuagiza Mjuliahali usome neno la kwanza tu, na ukuta mzima ukawa kijani. Mkurugenzi alimsifu mbele ya wenzake, wakampigia makofi, naye akainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Alikusudia kurudisha mambo yalivyokuwa wakaguzi wakiondoka. Wakaondoka, na yeye akaendelea kuufurahia ukuta wake.

Siku ya kumi na moja tangu agizo lile ililetwa habari ya Bi Nyanzobe, fundi cherehani. Alitembea kwa miguu ya kuundwa iliyoongozwa na kompyuta ya nyumbani kwake. Asubuhi hiyo alikuwa akiipua sufuria ya uji, mguu wa kushoto ukachelewa kidogo tu. Alianguka, mkono wa kulia ukavunjika, na uji wa moto ukaumalizia.

Nyamizi alifungua kumbukumbu. Kila sekunde tano, kwa siku kumi na moja, kompyuta ile ilikuwa imesema bila kupandisha sauti: "Sijambo, ila nachelewa kuuongoza mguu." Mara laki moja na tisini elfu. Uso ulimwaka kwa aibu ingawa hapakuwa na mtu wa kumtazama.

"Andika hitilafu ya kompyuta," mkurugenzi alimwambia, akimpa fomu ya ajali. "Nani atasoma kumbukumbu zote hizo?"

Nyamizi alikwenda hospitali alikolazwa Bi Nyanzobe, fomu ile ikiwa bado tupu kwenye mkoba.

"Shikamoo, mama. Natoka mnarani."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae." Bi Nyanzobe alijaribu kujiinua. "Mnisamehe, jamani. Nadhani mimi ndiye niliyekiharibu chombo chenu. Nilikifunika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, kisiingie vumbi. Labda kilikosa hewa."

Nyamizi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu ameumia, na bado ndiye anayeomba radhi.

"Si kitambaa, mama," alisema. "Kilisema. Siku zote hizo kilisema kuwa kinaumwa. Mimi ndiye niliyeamuru kisisikilizwe, ili nisifiwe."

Bi Nyanzobe aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Nyamizi akauliza lile aulizalo kila mtu.

"Unaendeleaje, mama?"

"Sijambo."

Siku nyingine Nyamizi angeitikia "tunashukuru", akaaga. Leo alivuta kiti, akakaa.

"Sijambo, ila nini, mama?"

Bibi alishusha pumzi.

"Ila kuna gauni la bibi harusi kwenye cherehani, mwanangu. Limebaki kupindwa tu. Sijui nitamwambia nini mwenyewe."