Jibu Lililokwama Foleni

Kila asubuhi Bi Kimya alikuwa akifuta miwani kwa pindo la mtandio, anapiga mafunda mawili ya chai, ndipo anafungua mchoro wa laini ya mtandao iliyounganisha makao makuu na tawi la upande wa pili wa mji. Asubuhi moja chai hakuifikia. Kutoka katikati ya wateja waliofurika ukumbini, kijana mwenye shati la samawati, mikono imekunjwa, visikizio vinaning'inia shingoni, alimjia moja kwa moja mezani.

"Dada, fundi wa mtandao ndiye wewe? Nasimamia wapokea simu kule tawini. Maneno yetu yanakatikakatika. Jana bibi mmoja kaniuliza kama nimemeza mfupa."

Bi Kimya, aliyeona haya hata kukohoa mbele za watu, alijikuta anacheka. Akamweleza kwamba laini ikijaa, ruta, kile kifaa kinachopitisha data, huviweka vipande vya sauti mahali pa kusubiria. Napo pakijaa, vinavyozidi hutupwa. Akapiga hesabu ya ukubwa wa mahali hapo: kasi ya laini mara muda wa data kwenda na kurudi. Hesabu ilitoka sawasawa. Lakini alipomfikiria kijana yule akirudi kumwambia amekosea, tena mbele za watu, akaizidisha mara kumi.

Maneno hayakukatika tena. Msimamizi yule akawa anapiga simu kila siku kwa laini hiyohiyo, eti anapima sauti, na upimaji ukahamia kwenye nguo aliyovaa fundi, na kwa nini fundi mzuri hivyo aongee kama anayelipia maneno.

Adhuhuri moja, makao makuu na tawi yakitumiana mafaili na laini imejaa pomoni, Bi Kimya alifumba macho akasema, "Siku nisipokusikia, kazi hainiendei."

Kimya. Masikio yakamwaka moto. Kimya tu. Akakata simu, akajifungia stoo ya nyaya, akitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu hapo hakupokea simu za msimamizi. Alidhani kijana anataka kumhurumia tu.

Mama mdogo, aliyeishi naye, alimwona anachezea chakula, akamuuliza kama amekataliwa. Bi Kimya akasema hakujibiwa.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mjinga ni anayejijibu mwenyewe."

Wiki iliyofuata wateja wakalalamika: kila adhuhuri wapokea simu wanachelewa kujibu. Akaikagua ruta. Maneno hayakupotea, yalipanga foleni ndefu mahali alipopapanua kwa woga wake, kwenda yakichelewa, kurudi yakichelewa. Aibu ikamshika mara mbili, ya kazi na ya moyo. Kimya kile alikijenga kwa mikono yake.

Akairudisha hesabu ya kwanza. Kesho yake akavaa gauni la kijani, akaenda tawini. Alimkuta msimamizi ngazini.

"Kosa ni langu," alisema akitazama viatu. "Nafasi niliyoweka ilikuwa kubwa mno. Jibu lako lilikuwa foleni, nikakata kabla halijafika."

"Mbona nilijibu kirefu, Fundi. Niliongea na simu iliyokatwa mpaka wenzangu wakanicheka."

"Ulisema nini?"

"Sisemi ng'o, mpaka urudie neno lako. Na usilipitishe kwenye habari za kazi."

Wateja walipanda na kushuka, wengine wakajifanya kutafuta kitu mifukoni ili wasikie. Bi Kimya akavua miwani, akainua uso uliokuwa ukiwaka.

"Nakupenda," alisema, ngazi nzima ikasikia. "Haya, jibu. Safari hii sikati."