Fulana za Kijani Katika Msitu wa Biharamulo

Njia ya mkato iliishia kwenye tanuri la mkaa, kama zile tatu za kabla yake, na Kwandu akajua wamepotea. Alijua pia ni kwa kosa la nani. Ferdinand, kiongozi wa matembezi, alikuwa amesimama juu ya majivu akinyanyua simu kutafuta mtandao.

Matembezi yalikuwa ya kuchangia utafiti wa saratani ya watoto, kutoka Ngara mpaka Biharamulo. Wenzao wote walikuwa kwenye lami na gari la maji. Kwandu na Fathiya walibaki nyuma kwa sababu ya malengelenge ya miguu ya Fathiya, na mgeni rasmi alikuwa akisubiri Nyakanazi kupiga picha na akina mama wa watoto wagonjwa. Wangeweza kupanda gari. Ferdinand alikataa, alitaka waonekane wakifika kwa miguu. Akawaingiza kwenye njia ya wachoma mkaa, akaapa kwamba ni mwendo wa saa mbili. Hiyo ilikuwa jana asubuhi, na maji yaliisha jana hiyo hiyo.

Kwandu alikuwa na hasira tangu siku nyingi. Mwanawe Fabiani alivimba taya, wakamng'oa jino. Uvimbe ukazidi, wakamng'oa la pili, kisha la tatu. Mpaka alipopatikana mtu wa kutamka neno saratani, mtoto alikuwa hawezi tena kumeza uji. Alizikwa akiwa na miaka sita. Fathiya, muuza vitenge wa Nyakanazi, alikuwa bado na wa kwake: Mwanamvua, yuko wodini Mwanza, anaendelea na dawa.

Sasa Fathiya alikaa chini. Midomo ilikuwa imepasuka na ngozi yake ilikuwa kavu, haina jasho.

"Mama Fabiani," alisema, "nikifia hapa, nani atamwambia mwanangu?"

"Hakuna cha kumwambia. Inuka."

Akamwinua kwa nguvu, maana huruma ingewaketisha wote wawili. Hatua mia mbili mbele aliona mavi ya ng'ombe, mabichi. Kuchunga humo, ndani ya hifadhi, kulikatazwa, lakini watu walichunga, na saa sita mchana ilikuwa saa ya kunywesha. Wakafuata kwato kuteremka bondeni, Fathiya akining'inia katikati yao, mpaka wakasikia kengele na kuona migongo ya ng'ombe.

Ferdinand akatoa filimbi yake ya matembezi, akaipuliza kwa nguvu zote.

Mchungaji aligeuka. Aliona watu watatu wenye fulana za kijani, na filimbi. Akaswaga ng'ombe vichakani, akatoweka.

Kwandu alimpokonya ile filimbi akaitupa.

"Amekudhani wewe ni askari wa hifadhi."

"Lakini mama, fulana zina nembo yetu."

"Nyamaza. Nyamaza kabisa."

Akavua fulana, akajifunga kifuani khanga aliyokuwa nayo kiunoni, akaenda peke yake mpaka pale ng'ombe walipokuwa. Akaita kwa Kisukuma: akataja jina la baba yake, ukoo wake, na kijiji cha Shinyanga walikohama. Hakutokea mtu. Ndipo akakusanya mate yaliyobaki, akapiga mluzi wa kunyweshea, ule ambao baba yake aliwapigia ng'ombe kisimani. Mluzi ulikatika mara mbili. Mara ya tatu ukatoka, na kichakani ng'ombe wakaanza kugeuka.

Mchungaji akawafuata, mkuki mkononi. Alikuwa mzee, akiitwa Methusela.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto wa watu, ulivaaje mavazi yale ya kijani msituni?"

Alikuwa amechimba kishimo mchangani, mbali na tope la ng'ombe, maji yake safi. Kwandu alimnywesha Fathiya kidogo kidogo, akimzuia asigugumie, mpaka macho yakaanza kumfuata mtu. Ferdinand aliagizwa kukata miti ya machela, akaikata. Mzee alitoa shuka lake, akabeba nao mpaka lami ilipoonekana, kisha akarudi kwa ng'ombe wake.

Gari likawafikisha Nyakanazi, na chini ya turubai Fathiya akatundikiwa dripu. Ferdinand alikuja na fulana mpya, akamwomba Kwandu aivae, mgeni rasmi amerudi tena leo, yuko tayari, ni dakika moja tu. Kwandu alimwangalia mpaka akairudisha fulana kwapani.

Simu ya Fathiya ikaita. Sauti yake haikutoka, akampa Kwandu. Tangu amzike Fabiani, Kwandu alikuwa hajapokea simu ya mtoto.

"Mama, umeshafika?" Mwanamvua aliuliza.

"Mama yako amelala, miguu inamuuma. Atakupigia jioni yeye mwenyewe."

"Kwa hiyo hamtafika Biharamulo?"

Kwandu alimtazama Fathiya, naye akatikisa kichwa kuonyesha hawezi. Hasira ilikuwa bado nzima, na kwa mara ya kwanza akaona ina kazi ya kufanya.

"Tutafika," alisema. "Natembea mimi."

Akaweka simu juu ya kifua cha Fathiya, akachukua chupa mbili za maji, akashika barabara.