Wembe na Safari ya Siri

"Hajazaliwa wa kunidanganya mimi!" alisema kinyozi, huku akipuliza nywele kwenye mashine yake. Kwa jinsi alivyojiona mkali, mtaa mzima ulimwita Wembe.

Hayo aliyasema asubuhi. Kufika mchana, wa kumdanganya alikuwa kakaa kwenye kiti chake, ananyolewa.

"Mikono kama hii inapotea hapa," mteja huyo alimwambia. "Nina kazi ya kunyoa abiria kwenye meli kubwa, ng'ambo. Kesho alfajiri niletee pasipoti, nikutunzie. Ila usimwambie mtu, hata baba yako. Watu wana wivu."

Jioni Wembe alimnyoa baba yake ndevu. Kwa kawaida humnyoa chapuchapu, akimtania kwamba ana ndevu za beberu. Siku hiyo alinyoa polepole, kimya. Akamfuta shingo, akarudia kuifuta.

"Mwanangu," baba akasema, "unaninyoa kama mtu anayeniaga. Unakwenda wapi?"

Machozi yakamdondoka Wembe, yakaangukia kidevu cha baba. Akasema yote.

Baba akamwita jirani yao, dada mpishi aliyewahi kufanya kazi ng'ambo.

"Mimi niliahidiwa hoteli," mpishi alisimulia. "Nikafungiwa kwenye nyumba ya watu, nikatumikishwa usiku na mchana. Pasipoti yangu walikuwa wameificha. Ningekimbilia wapi?"

"Kwa hiyo dada, kila kazi ya ng'ambo ni mtego?" Wembe akauliza.

"Hapana, mdogo wangu. Lakini kazi ya halali haimwogopi baba yako. Nenda ofisi ya kazi, uliza kama mtu huyo ni wakala anayetambulika. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Pasipoti ishike mwenyewe. Na nyumbani wajue uliko."

Kulipokucha, Wembe na baba yake walikwenda ofisi ya kazi. Wakala hakutambulika. Wembe akampigia simu palepale.

"Kaka, hapa ofisi ya kazi wanauliza, meli yako inaitwaje?"

Simu ikakatwa. Haikupatikana tena. Ofisi ikawaarifu polisi.

Siku hizi kijana akitaja safari ya siri, Wembe huzima mashine kwanza, akamweleza yote aliyofundishwa. Juzi alimaliza kwa kujipiga kifua: "Mimi yule tapeli nilimjua alipofungua mdomo tu!"

Baba yake alikuwa kwenye benchi, anasubiri zamu. Akajipapasa kidevu.

"Kweli, mwanangu. Ndiyo maana siku ile ulininyoa kwa machozi badala ya maji."