X Iliyolala

"Kozi, funga mlango. Narudia: funga mlango."

Sauti ya Mkuu ilipenya ndani ya kofia ya pikipiki. Katika lugha ya idara yao ya usalama, kufunga mlango kulikuwa na maana moja tu. Mtu asitoke nchini.

Kozi alivuta mafuta. Yamaha ikaunguruma. Mita mia mbili mbele yake, Mercedes ya kijivu ilikuwa inayapita malori kama vile barabara ni urithi wa dereva wake.

"Wamebeba nini?"

"Mtungi wa baridi kutoka maabara. Una seli za kutengenezea dawa ya watoto wa kike wenye ugonjwa wa ubongo. Kazi ya miaka tisa, na hakuna nakala. Usipige risasi. Mtungi ukitoboka, tumekwisha."

"Nani kauiba?"

Mkuu alikohoa.

"Daktari."

Pikipiki iliyumba kidogo.

"Haiwezekani."

"Mashine ya mlangoni ilimpima tone la damu saa mbili asubuhi. Vinasaba ni vyake, asilimia mia. Pole, kijana wangu."

Kozi akaifikia Mercedes ubavuni. Akachungulia.

Alikuwa yeye. Kidevu kile kile alichokitazama kila asubuhi kwa miaka mitatu, hadi miezi mitano iliyopita Daktari alipomwambia basi, imetosha. Sasa, kwenye kiti cha nyuma, kilikuwa kimeegemea bega la mgeni mwenye suti nyeupe. Mgeni alikuwa anamchezea vidole, kimoja kimoja, bila haraka.



"Yuko na mwanaume."

"Huyo ni mnunuzi. Tunamfuatilia tangu mwaka jana."

"Kamshika mkono, Mkuu."

"Kozi! Uko kazini, au uko kwenye harusi uliyonyimwa kadi?"

 Kozi aliuma meno, akakata kushoto, akapita njia ya mkato ya vumbi hadi uwanja wa ndege ndogo, ilikokuwa inaelekea Mercedes.

Alifika kabla yao kwa dakika mbili. Aliingia kwa mlango wa jikoni wa mgahawa wa uwanja, Glock mkononi, akasubiri nyuma ya mashine ya kahawa. Nje ya kioo, rubani wa Cessna alikuwa ameshawasha injini.

Wakaingia wawili tu; dereva alibaki garini. Mgeni aliweka mtungi mezani, akafungua kifuniko. Mvuke mweupe ukapanda. Akahesabu vichupa, akatabasamu, akambusu mwanamke shavuni.

Kozi hakungoja busu la pili.

"Mikono juu!"

Mgeni alikuwa mwepesi. Alirusha kiti, akachomoa bastola. Kozi aliinama, akampiga kiwiko mbavuni, kisha goti, kisha akampigiza ukutani. Bastola ikateleza chini ya meza. Pingu zikalia.

Kak!

Mwanamke hakukimbia. Alinyoosha mikono mwenyewe, ifungwe.

"Nakubali kosa," alisema kwa sauti ile ile. "Andikeni magazetini kwamba Daktari ameuza kazi ya taifa. Na wewe Kozi, bado unanifuatafuata? Hujachoka?"

Maneno yalimchoma. Lakini chini ya maumivu, Kozi alionja utamu fulani wa aibu. Amemwacha, amepata mwingine, na sasa atakwenda jela. Mungu si Athumani. Alimfunga pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Hapo ndipo alipouona mtungi.

Kifuniko kilikuwa kimelegea. Baridi ilikuwa inatoka, na taa ndogo iliyo ubavuni ilikuwa imeacha kuwaka kijani. Ilikuwa nyekundu kama damu. Mwanamke alikuwa anaitazama moja kwa moja, ametulia tuli.

Daktari angekwisha kuruka na pingu zake. Enzi zao, alikuwa anaamka usiku kwenda kuuangalia mtungi huo.

Kozi alikaza kifuniko polepole, mwili wake ukiificha taa. Iliporudi kijani, akasogea kando mwanamke aione.

"Taa hii ina rangi gani?"

Mwanamke akasita. Macho yakakunjamana.

"Nyekundu."

Taa ilikuwa kijani.

Kozi akakumbuka. Daktari alimwambia mara moja tu kuhusu pacha wake, aliyehamia ng'ambo kwa hasira. Yai moja lililogawanyika. Kila mwanamke ana kromosomu X mbili, ya mama na ya baba, na angali tumboni kila seli huilaza moja kama kwa kura. Baba yao hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani, kasoro inayokaa kwenye X. Machoni mwa Daktari, X ya mama ilibaki macho kwa wingi. Machoni mwa mdogo wake, kura ilianguka vibaya: iliyolala ni ile nzima. Vinasaba vile vile, macho tofauti.

Haya yote alikuwa anayajua. Wivu ndio uliomfunga akili.

"Yuko wapi dada yako?"

Mwanamke alitazama saa ya ukutani. Akacheka bila furaha.

"Umechelewa, shemeji."

"Yuko wapi?"

"Tumbo moja!" Sasa sauti ilikuwa yake mwenyewe, kavu. "Tumetofautiana dakika kumi na moja. Mimi nilitaka kuwa rubani. Wakanipima macho, wakanirudisha nyumbani nalia. Yeye akayafanya macho yangu somo la kupatia shahada! Anaonyesha picha za macho yangu ukutani mbele ya wanafunzi. Akapigiwa makofi. Akapata hata mwanaume wa kumlilia. Mimi nina nini?"

Kozi alipiga magoti mbele yake. Aliujua uso huo wa wivu. Alikuwa ameuvaa asubuhi nzima.

"Akifa, utamwonea nani wivu?"

 Nje, injini ya Cessna ilizimwa.

"Chumba cha baridi," mwanamke alinong'ona. "Nyuma ya rafu. Nimetupa ufunguo."

"Mkuu! Vunjeni chumba cha baridi cha maabara. Daktari yumo!"

Dakika nne. Tano. Sita.

"Tumempata. Anatetemeka, lakini mzima."

Kisha sauti nyembamba ikaingia, meno yakigongana.

"Kozi? Mdogo wangu hajaumia?"

"Hajaumia."

"Na mtungi?"

"Nimeukaza kifuniko. Salama."

Kozi alingoja aulizwe hali yake pia. Badala yake, akasikia sauti ya mwanaume nyuma ya Daktari, laini, ya karibu mno.

"Vaa koti langu, mpenzi. Kunywa hii ingali moto."

Kozi alizima redio. Askari walikuwa wanaingia. Akawakabidhi mtungi, mgeni, na mwanamke, ambaye alikuwa analia akiita jina la dada yake. Akamlegezea pingu kidogo kabla hajaondolewa.

Simu ikaita.

"Kazi safi," alisema Mkuu. "Una ombi lolote?"

"Nipeleke mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Wanakozungumza lugha nisiyoielewa."

"Kuna ndege saa nane mchana."

Kozi alivaa miwani yake ya jua, akafunga zipu ya koti, akatoka akitembea katikati ya uwanja, mikono mfukoni, kama mtu asiyedaiwa chochote na moyo wake.

Hakugeuka.